Wakili Apimwe, Wanakijiji Wasinyimwe

Kila mtu wa Kwamkoro aliyewahi kuchuma chai aijua mizani. Mchumaji hulipwa kwa uzito wa majani aliyoleta. Lakini mpimaji asipoyatazama majani yenyewe, wako watakaojaza kikapu majani magumu na vijiti, mradi kilo zitimie. Ndiyo maana hutakiwa majani mawili na chipukizi. Basi mizani ni kitu chema, ila yatupasa kuuliza: ni nini kinachopimwa, na ni nani atakayeumia kipimo kikipungua?

Twauliza hivi kwa kuwa wako wasemao kwamba halmashauri za wilaya zigawiwe fedha kwa kadiri ya kazi zao: iliyofanya vema iongezewe, iliyofanya vibaya ipunguziwe. Neno hili si geni. Tanzania ililijaribu tangu mwaka wa fedha 2004/2005 katika ruzuku ya maendeleo: halmashauri zilikaguliwa, zikatimiza masharti ndipo zikapata fedha, na alama zao zikaongeza au kupunguza fungu. Uganda ilitangulia, ikaweka nyongeza ya asilimia 20 kwa waliofaulu na punguzo la asilimia 20 kwa walioshindwa.

Hatulikatai jambo hili lote. Mali bila daftari hupotea bila habari, na halmashauri ijuayo kwamba vitabu vyake vitafunguliwa hujifunza kuviandika. Lakini mengi yaliyopimwa yalikuwa mambo ya ofisini: hesabu, mipango, kumbukumbu za vikao. Kumbukumbu zaweza kuwa safi, na bomba la maji likawa kavu.

Usambara tunalo somo letu. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianza mpango wa kuuponya udongo wa Mlalo, huko Lushoto. Watu waliamriwa kulima matuta, na wasiotii wakaadhibiwa. Udongo ulikuwa ukichukuliwa na mvua kweli, lakini mkulima hakuulizwa. Kilichokaguliwa ni tuta, wala si chakula kilichofika nyumbani. Watu wakaupinga mpango ule, nao ukaachwa kabla ya uhuru wa 1961.

Hata kwao Uingereza walikwisha kuonja tunda la namna hii. Tangu mwaka 1862 ruzuku ya shule ilitegemea mahudhurio ya watoto na mtihani wa kusoma, kuandika na hesabu. Mtoto akishindwa, shule ilipoteza fedha. Matthew Arnold, aliyekuwa mkaguzi wa shule, aliupinga utaratibu huo, kwa sababu mafundisho yalisinyaa yakawa mazoezi ya mtihani tu. Katika miaka ya 1890 ukaondolewa. Sisi walimu hatushangai.

Sasa tufikiri zahanati mbili. Moja iko kando ya barabara njema. Ya pili iko juu mlimani, ambako wakati wa masika gari hukwama na dawa huchelewa. Ya pili itapata alama chache. Tukiipunguzia fedha, mwaka ujao dawa zitapungua, na alama zitapungua tena. Ni nani aliyeadhibiwa? Si ofisa aliyechelewesha dawa, bali mama mjamzito aliyepanda mlima kwa miguu akakuta kabati tupu. Huko ni kumpiga mgonjwa kwa sababu hakupona.

Atasema mtu: bila adhabu watu watalala. Kweli, adhabu iwepo, lakini imwangukie wakili aliyekabidhiwa mali: cheo chake na dhamana yake. Fungu la msingi la dawa, maji na madarasa ligawiwe kwa hesabu ya watu na ugumu wa njia, wala lisiguswe. Nyongeza ndiyo itolewe kwa kazi njema.

Tena kipimo kije kwa wakati wake. Mwaka wa fedha huisha tarehe 30 Juni, na ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu hupewa miezi tisa, hata mwisho wa Machi. Wakati huo makadirio ya mwaka ujao yamekwisha kuandikwa. Kipimo kifikacho baada ya mgawo chafaa nini kwa mgawo huo?

Dawa yake tunayo. Sheria ya mwaka 1982 ya serikali za mitaa za wilaya imeuweka Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kila mkazi mtu mzima ni mjumbe wake. Basi kabla halmashauri haijaandika makadirio, hesabu isomwe hapo mbele ya watu: bomba ngapi zatoa maji, siku ngapi zahanati ilikosa dawa, fedha iliyoahidiwa ni kiasi gani na iliyofika ni kiasi gani. Hesabu hiyo ipelekwe wilayani kwa maandishi, na halmashauri ijibu kwa maandishi ni wapi imeifuata na ni wapi imeiacha.

Mchumaji wa chai husimama karibu na mizani kikapu chake kinapopimwa. Nasi twataka kusimama hapo.