Kitanda cha Chini Kilichobaki Kitupu



Nilipoingia kidato cha kwanza, katika shule moja ya bweni mkoani Manyara, nilipewa kitanda cha juu. Cha chini alilala binti wa Kihadzabe kutoka bonde la Yaeda. Alikuja na godoro, ndoo, fagio na rimu ya karatasi, yaani kila kitu kilichoandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Ada hakudaiwa. Dawati lilikuwepo.

Wiki ya tatu mwalimu alimsimamisha ajibu swali kwa Kiingereza. Akanyamaza. Mmoja wetu huko nyuma akaigiza milio ya ulimi iliyomo katika lugha yao, darasa zima likaangua kicheko. Na mimi nilicheka. Jumatatu iliyofuata kitanda cha chini kilikuwa kitupu. Kwenye daftari la mahudhurio akaandikwa mtoro. Hakuna aliyeandika kwamba tulimcheka.

Leo nasoma sheria, na kila nikisikia viongozi wanajisifia madarasa namkumbuka yule binti. Tuwe wakweli: madarasa yamejengwa. Fedha za UVIKO-19 peke yake zilijenga madarasa 15,000, na 12,000 kati ya hayo ni ya sekondari. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia 2016. Hayo hatuyapingi. Swali letu ni hili: mtoto akishaingia kwenye hilo darasa, nani anamshika mkono?

Fikiria safari yake. Nyumbani anaongea Kihadza, lugha ambayo wataalamu hawajaipatia ndugu. Shule ya msingi anaanza upya kwa Kiswahili. Akifika sekondari anaanza upya tena kwa Kiingereza, mbali na kwao, bwenini, ambako hakuna hata mmoja anayejua salamu yao. Wahadzabe wanakadiriwa kuwa kati ya 1,000 na 1,500 tu, kwa hiyo uwezekano wa kumkuta ndugu yako kidato cha tatu ni mdogo mno. Mtoto wa Kibarabaig au wa Kimaasai naye anaijua sehemu ya upweke huu.

Dawa yake ipo na haihitaji mkopo: ulezi rika. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anakabidhiwa mdogo wake wa kidato cha kwanza kuanzia siku ya kuripoti. Anamwonyesha bomba la maji liko wapi na kengele ipi ni ya nini. Anakaa naye prepo, wanapitia maneno kumi ya Kiingereza ya somo la kesho. Akiona dogo hali chakula, anamwambia mwalimu wa malezi mapema, kabla begi halijafungwa. Kama yupo wa jamii yake, vizuri zaidi. Kama hayupo, yeyote mwenye moyo na aliyefundishwa kusikiliza anatosha kuanzia.

Haya si ya kufikirika. Mwaka 2005 huko Australia, Jack Manning Bancroft, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sydney mwenye miaka 19, alianza kwa kuwakutanisha wanachuo 25 na wanafunzi 25 wa sekondari wa jamii ya Waaborijini pale Redfern. Mpango huo, AIME, baadaye ulienea mbali na mtaa ule. Alikuwa na umri kama wetu, makamanda.

Kuna watakaosema huu ni ukabila. Serikali yetu yenyewe husema Watanzania wote ni watu wa asili. Sawa, mbona basi mwaka 2007 iliunga mkono Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili, ambalo ibara yake ya 14 inahusu elimu? Ukabila ni kumpa mtu nafasi ya mwingine. Kumpa mtoto dada wa kumsikiliza hakumnyang'anyi mtu kitu.

Na hapa ndipo Katiba inapouma. Ibara ya 11 inaitaka Serikali ifanye jitihada watu wote wapate fursa sawa ya elimu. Inapendeza kusoma. Lakini rudi ibara ya 7(2): masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi mahakamani. Yaani yule binti alikuwa na ahadi, hakuwa na mlango wa kubisha. Tunapodai Katiba mpya, tusiishie kwenye tume ya uchaguzi. Tudai na hili.

Wakati tunadai, tuanze. TAMISEMI iagize kila sekondari ya bweni katika wilaya kama Mbulu, Karatu, Ngorongoro na Kiteto iwe na walezi rika waliofundishwa na mwalimu anayewasimamia. Mlezi rika asigeuzwe kiranja wala mnoko. Asiachiwe kesi za ukatili, hizo ni za watu wazima na sheria. Wala asimfundishe mdogo wake kuionea aibu lugha ya mama yake, maana hapo tutakuwa tumerudi kwenye kile kicheko.

Na sisi tulioko vyuoni, likizo tunarudi nyumbani. Badala ya kushinda tunabishana mitandaoni, twende kwa mkuu wa shule tuliyosoma, tuombe saa mbili kwa wiki na kidato cha kwanza. Bendera na kombati tuziache nyumbani. Shule si uwanja wa siasa, na mtoto mpweke si mtaji wa kura.

Mimi nitarudi kwenye shule ile ile. Yule binti sijui kama nitamwona tena nimwombe radhi. Ila kitanda cha chini kitapata mtu mwingine Januari, na safari hii nataka wa juu yake awe amefundishwa kutocheka.