Usinunue Kasi Kabla Hujasogeza Ruta

Wi-Fi ikisumbua chumbani, wengi wetu hukimbilia kupandisha kifurushi. Megabiti 20 hazitoshi, wacha tuchukue 40. Maoni yangu ni kwamba mara nyingi pesa hizo huenda bure, kwa sababu shida haiko kwenye faiba. Iko kwenye ukuta.

Hebu piga hesabu. Ukiongeza shilingi 1,000 kila mwezi, kwa mwaka ni 12,000. Na ukuta wa mawe uko palepale.

Kupima hakugharimu kitu. Zima data ya laini ndio usidanganyike, simama hatua mbili hivi kutoka kwa ruta, upime kasi. Kisha ingia kile chumba kinachosumbua, funga mlango kama kawaida, upime tena. Kama karibu na ruta unapata ulicholipia na chumbani unapata robo, faiba yako haina neno. Ukipata kidogo hata ukiwa kando ya ruta, hapo sasa pigia kampuni simu. Na taa ya LOS ikiwaka nyekundu, usihangaike na mipangilio: mwanga haufiki kwenye mtambo, pengine waya umekatika au umekunjwa. Ndani yake kuna uzi wa kioo, si shaba, kwa hivyo usiupinde kwenye kona kama waya wa stima.

Mafundi wengi huacha ruta pale waya unapoingilia, dirishani au nyuma ya TV. Siwalaumu, wana nyumba zingine za kuunganisha. Lakini ni wewe utakayeishi nayo. Kabla fundi hajatoboa ukuta, mwambie avute waya hadi katikati ya nyumba, koridoni kwa mfano, mahali pa juu, mbali na mikrowevu na friji.

Ruta nyingi za siku hizi hurusha masafa mawili. Ya gigahezi 5 ina kasi, lakini ukuta huichosha haraka. Ya 2.4 hufika mbali zaidi, ila ni ya polepole, na kwenye fleti ambako kila jirani ana ruta yake, inajaa kama Thika Road jioni. Fungua mipangilio (anwani na paswadi kwa kawaida ziko kwenye kibandiko chini ya mtambo) uweke 2.4 kwenye chaneli 1, 6 au 11, maana hizo haziingiliani. Ukiwa hapo, badilisha hiyo paswadi ya kibandiko. Mgeni yeyote anaweza kuipiga picha.

Sasa, kama nyumba ni ya ghorofa, slabu ya zege yenye nondo inaweza kuishinda hata ruta nzuri. Hapo ndipo utoe pesa. Vile vidude vya kuchomeka kwenye soketi ni bei nafuu, lakini vile vya chini kabisa hupokea na kurusha kwa redio moja, kwa hivyo kasi hushuka karibu nusu. Tena watu hukiweka ndani ya chumba chenye shida, ambako chenyewe hakipati kitu! Kiweke katikati ya njia.

Mimi ningevuta kebo ya mtandao, ambayo hufika hadi mita 100, nikaweka ruta ya pili upande ule mwingine. Hata ile kuukuu iliyo kabatini itafanya kazi, mradi uzime DHCP yake ndio ruta mbili zisigombane kugawa anwani. Kama umepanga na mwenye nyumba hataki kutobolewa ukuta, kebo hupita vizuri pembeni mwa sakafu.

Na fundi akikuambia utume pesa za kifurushi au kifaa kwa nambari yake mwenyewe, kataa. Lipa kwa Paybill ya kampuni ukitumia nambari ya akaunti yako, na usome jina linalotokea kabla hujathibitisha malipo. Kifaa ukinunua dukani, lipia kwa till na usifute ujumbe wa malipo. Utauhitaji kikikataa kuwaka wiki ijayo.