Eti "Yatang'oka Tu"



Leo tuna ugomvi na maneno haya: "Mwache, hayo meno ya utoto, yatang'oka tu." Tunayasikia hapa Unguja, na tunayasikia Mitundu, kule Itigi mkoani Singida, tunakopeleka magauni ya harusi. Mama anayasema huku mtoto wa miaka minne kashika shavu, analia usiku kucha. Bibi anaitikia. Sisi tunaopima maharusi tunakutana na mwisho wake miaka kumi na tano baadaye: msichana mzuri, mashaallah, akicheka anaziba mdomo kwa ushungi.

Maneno hayo si kweli. Meno ya utoto ni 20, na magego yake hukaa mpaka mtoto ana miaka 10 hadi 12. Muda wote huo yanashika nafasi ya meno yajayo. Jino likioza mpaka kutunga usaha, jino la ukubwani linaumbika papo hapo chini yake, na linaweza kutoka na dosari. Likang'olewa mapema, majirani huegemea pengo, jipya likija halina njia, linatoka upande.

Na kuna gego ambalo wengi hawalijui kabisa. Mtoto akifika kama miaka 6, nyuma ya meno yote ya utoto huchomoza gego la kudumu. Hakuna jino lililong'oka kulipisha, basi mama anadhani nalo ni la utoto. Linatoboka akiwa darasa la pili, linang'olewa akiwa sekondari, na halioti jingine. Ndiyo maana tunasema bibi harusi huanza kuoza meno akiwa bado anacheza kombolela.

Hakuna mdudu wa kuloga. Vijidudu vya mdomoni hula sukari na kutoa tindikali inayotoboa jino. Huku kwetu ni ubuyu, ashkrimu, na chupa ya maziwa ya sukari mtoto anayolala nayo mdomoni. Mitundu kuna asali, na hapa tutagombezwa: asali ni shifaa, imetajwa katika Qur'an. Tunaamini. Lakini kwenye jino la mtoto anayelala bila kupiga mswaki, asali inafanya kazi ya sukari. Na huyo huyo Mtume wetu (s.a.w.) aliyeisifu asali aliuhimiza mswaki hata akakaribia kuufaradhisha kwa kila sala. Mbona tumeshika la asali, la mswaki tumewaachia mashekhe msikitini?

Karafuu, wazee wetu mtusamehe, inatia ganzi tu. Maumivu yanalala, tundu linaendelea. Tundu dogo huzibwa. Likisubiriwa, dawa inabaki koleo.

Piga mswaki mtoto jino la kwanza linapotoka, kwa dawa yenye floridi, kiasi cha punje ya mchele mpaka afike miaka 3. Usiku usikose. Na akishapigwa mswaki, ni maji tu mpaka asubuhi.

Mama wakwe nanyi tuna neno nanyi. Singida ni miongoni mwa mikoa ambayo maji ya visima vyake vingi yana floridi kupita kiasi. Mtoto anayeyanywa wakati meno ya kudumu yanaumbika, yatatoka na madoa ya kahawia. Hayo si kuoza, wala si uchafu wa binti wa watu. Hayatoki kwa kusugua. Lakini wiki ya hina, huku singo na liwa mwilini, tunaona mabinti wanasuguliwa meno kwa majivu na limau ili wawe weupe mbele ya wakwe. Limau linalainisha gamba la jino, majivu yanalikwangua, na gamba hilo likiondoka halirudi. Masomo, mnaofundwa kwenu mabinti: mwambieni mwari afungue mdomo miezi mitatu kabla ya harusi, aende kwa daktari wa meno, na hayo majivu yabaki jikoni.