Tuambizane Barazani Yaliyo Moyoni

Kwenye baraza letu hapa Ngamiani, Tanga, hakuna ugonjwa wa mwili usiotajwa. Mmoja atakueleza sukari yake ilivyopanda, mwingine presha, mwingine tezi dume na mpira wa mkojo aliowekewa, tena bila haya, kikombe cha kahawa mkononi. Wengi wetu tumevuka miaka 60, umri ambao mtumishi wa umma hapa Tanzania hulazimika kustaafu, na miili yetu haina siri tena. Lakini hofu, upweke na usiku usiokucha, hayo kila mtu anarudi nayo nyumbani kama alivyokuja nayo.

Mwaka jana rafiki yangu mmoja, fundi cherehani niliyesoma naye, alisema mbele yetu kwamba siku hizi akiamka haoni la kuamkia. Akajibiwa upesi upesi: "Zidisha ibada, bwana." Mwingine akadakia, "Shukuru, wenzako wako kaburini." Mazungumzo yakarudi kwa timu ya Coastal Union. Waliomjibu si watu wabaya, na wanampenda. Ila jibu la haraka humnyamazisha mtu mwenye uchungu. Mimi pia naswali, na sijaona sala ikimkataza mtu kuwa na rafiki wa kumsikiliza.

Nilimsindikiza. Njiani nikamwambia jambo ambalo hata wanangu hawalijui: tangu mama yao afariki, nalala redio imewashwa usiku kucha kwa kuogopa ukimya wa nyumba. Akasimama. "Kumbe na wewe, Mwalimu?" Tukakaa kwenye ngazi za duka lililofungwa mpaka adhana ya isha. Hakuna aliyemshauri mwenzake kitu.

Kule Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliligeuza jambo kama hili kuwa tiba. Mwaka 2006 alianza kuwafunza bibi 14 wa kitongoji cha Mbare wawasikilize wagonjwa kwenye mabenchi nje ya kliniki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba, baada ya miezi 6, walioketi na mabibi wa aina hiyo walikuwa na nafuu kubwa ya sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wagonjwa hao huenda hawakuwajua waliowasikiliza. Sisi tumejuana tangu madrasa, na mabaraza tunayo kila mtaa!

Sisemi kila jioni igeuke matanga. Siasa na mpira vibaki. Lakini mtu anayejua habari zangu zote za mtaani na hajui kinachoninyima usingizi, huyo kwangu ni jirani, bado hajawa rafiki.

Mzee mwenzangu, leo jioni kaa karibu na yule aliyepungukiwa maneno siku hizi. Anza wewe: mweleze linalokusumbua, kisha muulize lake. Akianza kusema, usimkatize.