MBABULA ILILALA WAPI?



Wakati wa kipwa, mwezi wa 6 na wa 7, sisi watu wa Kamina tunajua baridi ya usiku. Katika nyumba nyingi mbabula moja inafanya kazi mbili: inachemsha maji ya kuoga, kisha inaingizwa ndani ili chumba kipate joto. Kazi ya kwanza ni njema. Ya pili inaua, na ninaandika ili tuiache.

Asubuhi moja mfanyakazi aliniletea bibi yake na watoto wawili. Wote waliumwa kichwa, walitapika, miguu haikuwa na nguvu. Nilifikiri malaria, kama wewe ungefikiri. Lakini hakuna aliyekuwa na homa, na baba mwenyewe alikuwa mzima. Kwa nini? Alikuwa kazi ya usiku. Ndipo nikauliza: «Mama, mbabula ililala wapi?» Akajibu: «Ndani, munganga. Lakini haikuwa na moshi.»

Hapo ndipo tunadanganyika. Moshi unachoma macho na kukufukuza. Lakini makala mekundu yasiyo na moshi yanatoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kupita oksijeni. Mtu anavuta pumzi, lakini damu yake haibebi tena hewa ya uzima. Anasinzia, na pengine haamki.

Ninyi wa mgodini mnajua gesi. Katika migodi ya makala ya mawe ya Uingereza, watu walikuwa na ndege wadogo wa kanari mpaka mwaka 1986. Ndege alianguka mbele ya mtu, na watu walijua kwamba hewa ni mbaya. Nyumbani hatuna kanari. Mtoto mdogo anavuta pumzi haraka kupita sisi, na mara nyingi yeye ndiye anayeanguka kwanza. Je, tumfanye mtoto wetu kuwa kanari?

Basi mbabula ikiwa na shida, fanyeni hivi:

1. Ikitoa moshi mwingi, pengine makala yana maji. Yaanikeni juani, na yawekeni pahali pakavu.

2. Ikikawia kuwaka, ondoeni majivu yanayoziba matundu ya chini. Makala yasiyopata hewa ya kutosha yanatoa gesi zaidi.

3. Watu wa nyumba wakiumwa kichwa pamoja, bila homa, na kupata nafuu wakitoka inje, msitafute dawa ya malaria kwanza. Tokeni wote, fungueni milango, nendeni lupitalo mara moja, na mwambieni munganga kwamba moto ulikuwa ndani. Aliyezimia abebwe inje upesi.

4. Beseni ya maji kando ya mbabula haisaidii, kwa sababu maji hayanywi gesi hii. Dirisha lililofunguliwa kidogo pia lisiwadanganye.

Huko Ulaya, nyumba nyingi zina chombo kimoja cha kutoa maji ya moto na joto la vyumba. Tazameni kilivyotengenezwa: moto umefungwa, moshi unatoka inje kwa bomba lake, na maji ya moto ndiyo yanayopita vyumbani. Hata hivyo, bomba likiziba, gesi ileile inaua watu. Kwa hiyo wanakikagua mara kwa mara.

Sisi tufuate sheria hiyohiyo: maji yaingie, moto ubaki inje. Chemsheni maji kwenye baraza lililo wazi. Mengine yatieni katika termosi kwa asubuhi, mengine katika chupa ya mpira iliyoviringishwa kitambaa, ipashe kitanda joto. Iondoeni kabla mtoto hajalala, asiungue.

Neno la mwisho ni kwenu, wababa. Msiseme kwamba mambo ya mbabula ni ya wamama. Mama anaingiza moto kwa sababu watoto wanatetemeka. Blanketi la pili linunuliwe kabla ya kipwa, si baada ya kilio. Mgodini hukubali kufanya kazi pahali pasipo hewa. Usikubali watoto wako walale pahali kama hapo. Na ukienda kazi ya usiku, kabla ya kufunga mlango, uliza: mbabula italala wapi?