Kiswahili Si Mtoto wa Kuokotwa

Mwaka 1974, nikiwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi huku Njombe, nilimchapa mtoto fimbo kwa sababu ya neno moja. Nilikuwa nimeliuliza darasa wingi wa neno "mtu". Mtoto mmoja, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Juni, alinyoosha mkono akasema, "Avanu." Darasa zima likacheka. Pale shuleni tulikuwa tumepiga marufuku Kibena, nami nikaona nimedharauliwa. Nikampa fimbo mbili. Mwaka ule mtoto yule hakunyoosha mkono tena.

Jambo hilo limenirudia hivi karibuni nikiwa stendi ya Makambako, nikisubiri basi la kurudi Njombe. Kijana mmoja niliyemfundisha chuo cha ualimu alinikuta kwenye kibanda cha chai.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

Tukazungumza mawili matatu, kisha akanieleza kwamba amewahamisha wanawe shule, wasome kwa Kiingereza tangu wakiwa wadogo. Sikumlaumu, maana kila mzazi hutafuta riziki ya mwanawe. Kilichoniuma ni sababu aliyoitoa. "Mwalimu," akasema, "tusidanganyane. Kiswahili chenyewe si chetu. Ni Kiarabu kilichovunjikavunjika. Na Kibena si lugha, ni kilugha tu." Basi likapiga honi kabla sijamjibu. Jibu lenyewe ni hili.

Kwanza nakiri anachokiona. Maneno ya Kiarabu yamejaa katika Kiswahili: saa, sabuni, sanduku, duka, kitabu, habari. Hata jina la lugha limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pwani. Ukihesabu moja, mbili, tatu, nne, tano, umo katika Kibantu. Ukifika sita, saba, unaingia katika Kiarabu. Nane unarudi nyumbani, tisa unatoka tena, na kumi unalala kwenu. Lakini ukubwa wa maneno ya kuazima hauthibitishi uzazi. Ili tulione hilo bila hasira, tutoke nje ya ugomvi wetu, twende mbali kidogo.

Waserbia wa kule Ulaya ya kusini-mashariki walitawaliwa na Waturuki tangu karne ya 15. Nchi yao ilitambuliwa rasmi kuwa huru mwaka 1878. Katika muda huo mrefu maneno mengi mno yaliingia katika lugha yao. Kamusi moja ya maneno ya namna hiyo, iliyotungwa na Abdulah Škaljić na kuchapwa mwaka 1966, ina maneno zaidi ya 8,000. Mserbia anakula kwa kijiko, "kašika", neno la Kituruki. Analaza kichwa juu ya mto, "jastuk", neno la Kituruki. Na yako mengine ambayo Waturuki wenyewe walikuwa wameyachukua kwa Waarabu, ndiyo maana mimi wa Njombe nayatambua: saa kwa Kituruki ni "saat", kwa Kiserbia "sat", sabuni ni "sabun" na "sapun", sanduku ni "sandık" na "sanduk", duka ni "dükkân" na "dućan".

Je, kuna mtu mwenye akili anayesema kwamba Kiserbia ni Kituruki kilichovunjika? La hasha! Kiserbia ni ndugu wa Kirusi, Kipolandi na Kibulgaria. Kituruki ni ndugu wa Kiuzbeki na Kikazaki. Mserbia akimtaja mtu asiyekuwepo, lazima aseme kama ni mwanamume au mwanamke, "on" au "ona". Mturuki husema "o" tu, kama sisi tunavyosema "yeye".

Sikiliza sasa neno lile moja la Kiarabu linavyovikwa nguo katika nyumba tatu. Sisi tunasema "dukani". Mturuki husema "dükkânda", akigandamiza mwishoni kiungo chake cha mahali. Mserbia husema "u dućanu", akiweka kiambishi huru mbele na kugeuza mwisho wa neno kwa kufuata sarufi ya kwao. Neno ni la mgeni mmoja, lakini kila mwenye nyumba amempangia mahali pa kulala. Maneno ni nyama, msomaji wangu, na sarufi ni mifupa. Nyama huongezeka na kupungua, lakini ukitaka kujua mnyama ni yupi, tazama mifupa.

Chukua sentensi hii: "Saa za afande zimo sandukuni." Saa na sanduku ni za Mwarabu. Afande ni neno la Kituruki, "efendi". Lilitujia kwa askari Wasudani ambao Wajerumani waliwaajiri kutoka Misri mwaka 1889, pamoja na cheo cha "ombasha", ambacho kwa Kituruki maana yake ni mkuu wa kumi. Basi majina yote matatu ni ya wageni. Lakini hiyo "za", hiyo "zi-", hiyo "-mo" na hiyo "-ni", nani ametuletea? Hakuna meli iliyozileta. Zimetoka kulekule zilikotoka za Wapokomo, za Wamijikenda na za Wabena.

Hapo ndipo ninaporudi kwa mtoto wangu wa mwaka 1974. Kibena husema "umunu" kwa mtu mmoja na "avanu" kwa wengi. Kiswahili husema "mtu" na "watu". Mtoto yule hakuwa amekosea somo. Alikuwa amelishika kuliko mwalimu wake! Alijua ngeli ya kwanza na ya pili kabla hajaingia darasani, akanikabidhi ushahidi kwamba Kiswahili na lugha ya mama yake ni ndugu. Nami nikampiga kwa kuutoa.

Na anayesema Kiswahili si chetu anaurudia ujinga ule niliokuwa nao. Hao hao wanaodharau Kiswahili kwa kuazima wanakimbilia Kiingereza, lugha ambayo baada ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066 ilijazwa Kifaransa na Kilatini mpaka pomoni. Mbona hatusikii kwamba Kiingereza ni Kifaransa kilichovunjika? Kuazima kwa tajiri huitwa upanuzi, kuazima kwetu huitwa uombaombaji.

Yuko na mwingine ninayempinga, ingawa nia yake ni njema. Huyu anataka tuyafagie maneno yote ya Kiarabu ili tubaki na lugha safi. Naye nampeleka kwa Waturuki. Mwaka 1928 waliacha herufi za Kiarabu wakachukua za Kilatini, na mwaka 1932 wakaunda chama cha lugha, kikaanza kuondoa maneno ya Kiarabu na Kiajemi. Kazi ilifanikiwa kupita kiasi. Hotuba ndefu ya kiongozi wao Atatürk ya mwaka 1927 ilibidi baadaye iandikwe upya kwa Kituruki cha kisasa, ili wajukuu waielewe. Taifa lisilofahamu maneno ya babu yake limepata usafi wa namna gani? Nasi tukianza kufagia, tutalitoa hata neno "shule", maana ni la Mjerumani.

Kijana wangu, ulipokutana nami pale Makambako ulisema "shikamoo", neno la kushika miguu, la Kibantu. Nikakujibu "marahaba", la Kiarabu. Heshima yako na baraka yangu zilikutana katika Kiswahili, wala hakuna aliyehitaji mkalimani.

Kwenu walimu mnaotoka vyuoni sasa naomba jambo moja. Mtoto wa Njombe akikujibu "avanu", usimchape wala usimcheke. Andika neno lake ubaoni kando ya "watu", uliulize darasa vinafanana wapi. Hapo utakuwa umefundisha ngeli kwa dakika tano, na utakuwa umemwambia mtoto kwamba mama yake naye ana sarufi.

Mimi sikufanya hivyo. Wajukuu zangu walioko Makambako nikiwasalimu "kamwene" hunitazama wakacheka, kama lile darasa lilivyocheka. Najua ni nani aliyewafundisha kucheka.