Mto Sio na Wenye Mashamba ya Ukingoni

Juma hili twaomba tutoke jikoni kidogo, twende mtoni. Hatutakuwa mbali na jikoni hata hivyo, kwa kuwa katika nyumba nyingi za vijijini maji ya chungu bado hutoka huko huko.

Mto tunaoukusudia ni Sio. Huanzia katika vilima vya Bungoma nchini Kenya, ukateremka kuelekea kusini-magharibi, na sehemu yake ya chini ndiyo mpaka wa Kenya na Uganda hadi uingiapo Ziwa Viktoria karibu na Sio Port. Upande wa Uganda, kati ya mji wa Busia na ziwa, ndipo ilipo nchi ya Buhehe. Wasamia wanakaa pande zote mbili. Mpaka ulioandikwa rasmi mwaka 1926 ulipita katikati ya maji, haukupita katikati ya ukoo. Kwa hiyo mtu wa Buhehe atazamapo ng'ambo aghalabu huona shamba la shemeji yake.

Sheria haina ushemeji. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinataka ukanda wa mita 30 toka maji yanapofikia mto ukijaa usilimwe, na kwa mito mikubwa iliyotajwa kwa majina ukanda huo ni mita 100. Kanuni za Kenya za mwaka 2007 zilitaja ukanda ulio sawa na upana wa mto, usiopungua mita 6 wala kuzidi 30. Huku Tanzania sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inasema mita 60. Maji ni yale yale, samaki ni wale wale, lakini ndugu wawili wanaotazamana hupimiwa kwa kamba mbili mbalimbali. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 nayo yasema kwamba mito na ardhi oevu serikali inaishika kwa amana kwa niaba ya wananchi wote. Maneno hayo ni mema. Lakini ofisi ya mazingira ya wilaya haiwezi kuweka askari penye kila kivuko, na aliye pale alfajiri na jioni ni mwenye shamba.

Yafaa basi tufanye hesabu kwa niaba yake kabla ya kumlaumu. Tuseme shamba lake linagusa mto kwa urefu wa mita 50. Ukimwambia aache mita 30, umemwomba mita za mraba 1,500, yaani zaidi ya theluthi moja ya ekari. Mwenye ekari mbili tu atakuwa ameombwa zaidi ya sehemu moja katika kila sehemu sita za chakula cha watoto wake. Tena ni sehemu yenye unyevu, ambayo mboga hustawi hata kiangazi. Asiyefanya hesabu hii hana haki ya kushangaa anapoona vigingi vilivyopigwa mchana vimeng'olewa usiku.

Lakini iko hesabu ya pili. Ukingo uliolimwa hadi majini hauna mizizi ya kuushika. Mvua kubwa za Aprili zikija, mto hula hatua moja mwaka huu na nyingine mwakani, wala hauitishi mkutano. Udongo ule hukaa chini, mto ukawa mpana na wenye kina kifupi, na kiangazi ukabaki madimbwi. Wafyatua matofali na wachimba mchanga huongezea mashimo yao, na katika sehemu nyingine za Wilaya ya Busia wapo wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaotumia zebaki, sumu ambayo huingia katika samaki na kutoka humo ikaingia katika sufuria. Kwa hiyo mwenye shamba hachagui baina ya kutoa ardhi na kubaki nayo. Anachagua ni nani ataichukua.

Hapo ndipo penye neno la kujitolea. Kujitolea si kutolewa. Mtu hujitolea kulinda kitu anachokivuna, na ukanda wa mto unaweza kuvunwa bila jembe. Majani ya tembo, waitwayo na wengine mabingobingo au nepia, hushika udongo na hukatwa kwa ajili ya ng'ombe wa zizini. Mianzi hutoa fito. Mizinga ya nyuki haihitaji kulimiwa. Mkuyu ni mlinzi wa maji tangu enzi za mababu. Mafunjo na matete yakatwe kwa mikeka na kuezekea, yasing'olewe. Mkaratusi hufaa mlimani. Ukingoni hunywa maji ya jirani. Na mifugo itengewe mahali pamoja pa kunywea, pawekwe mawe, tena pawe chini ya pale wanapoteka maji akina mama, si juu yake.

Mfano wa wenye mashamba kuungana tunao. Kule Naivasha, Kenya, chama cha wenye ardhi kandokando ya ziwa kilianza zamani za ukoloni, na mwaka 1999 kilipewa tuzo la kimataifa la Mkataba wa Ramsar kwa kazi yake. Tusiunakili mfano huo kijinga, maana wengi wa wale walikuwa na mashamba makubwa na magari, na mwenye gari huweza kuhudhuria mikutano mingi. La kujifunza ni kwamba walianza wenyewe, bila kusubiri kuitwa. Kenya imekuwa na vyama vya watumiaji maji tangu sheria ya mwaka 2002, na Mpango wa Bonde la Nile uliwahi kuziunganisha nchi mbili hizi katika mradi wa mito Sio, Malaba na Malakisi, ofisi yake ikiwa Kakamega. Milango iko. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kwenda shambani kabla ya kuita mkutano. Maafisa wengi hupenda mkutano wa hadhara. Lakini mwenye shamba atasema ukweli wake akiwa amesimama ukingoni, akionyesha kwa fimbo mahali mto ulipokuwa alipooa.

Tena aalikwe na mkewe. Daftari la chama likiandika jina la mume tu, litakuwa limemwacha yule ateketaye maji, apaliliaye na ajuaye ni siku gani maji yalibadilika rangi.

Kazi ya kwanza ya walinzi hawa na iwe ndogo. Kila juma, mahali pale pale, ijazwe chupa ya kioo kwa maji ya mto, iachwe itulie siku nzima, kisha tope lililotua lipimwe kwa rula na kipimo kiandikwe pamoja na tarehe. Mtoto wa darasa la tano aweza kazi hii. Ianze Februari, kabla ya mvua za masika, na shemeji wa ng'ambo ajaze chupa yake siku hiyo hiyo.